Maswali yenu kuhusu Gokseong: yule mzee wa mlimani kafanya nini hasa?

Wapendwa, mwezi uliopita niliwaambia mtafute muvi ya Kikorea inaitwa Gokseong, wengi mnaijua kwa jina la The Wailing, ya dairekta Na Hong-jin, ilitoka Mei 2016, nikawaomba mkishaiangalia mniandikie mmewaonaje wale watu mle ndani, nani kaonyeshwa vizuri, nani kaonewa, nani hayupo kabisa. Sikutegemea kama ujumbe ungekuwa mwingi hivi. Nimechagua sita. Kama hujaiangalia ishia hapa hapa, ina saa mbili na dakika 36, kaiangalie kwanza ndo urudi, maana leo namwaga kila kitu mpaka mwisho wake.

Kwa kifupi tu: Gokseong ni kijiji cha milimani huko Jeolla, Korea Kusini, watu wanaota vipele, wanachanganyikiwa, wanaua familia zao. Polisi mmoja mzito mzito hivi anaitwa Jong-goo anafuatilia, na maneno ya kijijini yanasema yote yameanza tangu alipokuja mzee mmoja wa Kijapani akapanga nyumba msituni peke yake. Halafu binti wa Jong-goo naye anaanza kuota vipele.

*Shikamoo anti. Niko Mwanza ila nimezaliwa kijijini huko Shinyanga. Nimeiangalia mara mbili na mara zote mbili nimelala vibaya, na sio mizimu iliyonitisha, ni yule mzee. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kwa ajili ya moshi na tulimhamisha kijijini usiku kwa sababu watu walishaanza kusema. Sasa naona kwenye muvi mzee mgeni, macho mekundu, watu wanasema, wanamfuata mlimani na majembe, alafu mwisho muvi inatuambia kweli alikuwa shetani. Anti, hii si inawapa haki wale waliokuwa wanamsema bibi?*

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na nimeuweka wa kwanza kwa makusudi. Mlifanya vizuri sana kumhamisha bibi. Kwa wasomaji wasioijua kanda ya ziwa, vikongwe wengi kule wameuawa kwa miaka mingi kwa kuambiwa ni wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, wakati mtu kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha maisha yake yote, macho yatakuwaje meupe? Kwa hiyo huyu ndugu yetu haongelei muvi tu.

Sasa twende taratibu. Rudia pale mwanzoni polisi mwenzake Jong-goo anapomsimulia habari za yule mzee, kwamba kuna mwindaji alimwona porini yuko nusu uchi, anakula paa mbichi, macho yanawaka. Sisi watazamaji tunaonyeshwa kabisa, tunamwona anatafuna, tunaona damu. Lakini nani kaona? Mwindaji. Kamwambia nani? Mtu, naye kamwambia polisi, polisi kamwambia polisi mwenzake, ndo kikatufikia sisi. Ni maneno ya mkono wa nne yale ila dairekta kayaweka kwenye picha, na picha ikishaingia kichwani huwezi tena kusema nimesikia, unasema nimeona. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeshamhukumu yule mzee kabla muvi haijafika hata dakika ya arobaini, na nilikuwa sijamsikia akiongea sentensi mbili. Hicho ndo kilichofanyika kwa bibi yako. Watu walikuwa na picha yake kichwani ambayo hakuna aliyeiona kwa macho.

Halafu angalia Jong-goo anavyobadilika. Anaenda kwenye nyumba ya watu bila kibali, anavunja vunja vitu, anaua mbwa wa mzee kwa sururu, anampa siku tatu awe ameondoka. Ni polisi yule! Mzee haelewi Kikorea, anaongea Kijapani, na anayetafsiri ni shemasi kijana wa Kikatoliki ambaye na yeye anatetemeka. Yaani kila neno la mgeni linapita kwenye mdomo wa mtu anayemwogopa. Nilipoiangalia mara ya pili hapo ndo niliposimamisha nikakaa kimya kidogo.

Lakini sitakudanganya, nyumbani kwa mzee kuna kiatu cha mtoto na kuna chumba cha mapicha ya watu waliokufa, hivyo vimeonekana na havitokani na umbea wa mtu. Na mwisho kwenye pango, shemasi anamfuata amuulize kama yeye ni shetani, mzee anamjibu kwamba hata akimwambia vipi haitabadilisha kitu, kwa sababu ameshakuja na jibu lake. Ndo anageuka mbele yake. Kuna wanaosema kageuka kweli, kuna wanaosema tunaona kile ambacho shemasi alishakiamini. Mimi naegemea kwa hao wa pili, ila naona muvi haikuwa jasiri vya kutosha pale. Saa mbili nzima imetufundisha kutilia shaka macho yetu halafu dakika za mwisho inatuletea makucha na macho mekundu, na mtu anayetoka kwenye banda la video anatoka na makucha, hatoki na ile shaka. Kwa hilo nakubaliana na wewe moja kwa moja, na sio jambo dogo.

Ila kuna kitu nataka uondoke nacho. Yule mganga, Il-gwang, naye ni mgeni pale kijijini. Kaja na gari lake, kaitwa na mama mkwe, kalipwa hela nyingi, na mwisho tunamkuta na yeye ana boksi la mapicha ya marehemu. Hakuna hata mtu mmoja aliyemshuku! Kwa nini? Anaongea lugha yao, anajua wanataka kusikia nini, anakaribishwa ndani. Na yule dada wa nguo nyeupe ambaye pengine ndo alikuwa anawalinda, wao wakamwona kichaa. Kwa hiyo ubaya haukuletwa na mgeni peke yake, sema macho ya kijiji yalikuwa yanaangalia upande mmoja tu, msituni.

Na Mjapani kwa Mkorea sio mgeni wa hivi hivi tu. Japani iliitawala Korea toka 1910 mpaka 1945, waliwabadilishia mpaka majina, kwa hiyo hofu ya wale wanakijiji ina historia nyuma yake, tofauti na bibi yako ambaye hakumtawala mtu. Hiyo historia naiheshimu. Ninachouliza ni kama mzee mmoja asiye na jina, anayekaa na mbwa wake, ndo abebeshwe yote.

*Habari anti, swali fupi tu. Yule mzee ni Mjapani kweli au ni Mkorea anaigiza? — Tabora*

Ni Mjapani halisi, Kunimura Jun, muigizaji wa siku nyingi sana kwao. Na mwaka huo huo 2016 Wakorea wenyewe walimpa tuzo ya muigizaji msaidizi bora kwenye Blue Dragon, ambazo ni kati ya tuzo kubwa kabisa za filamu nchini kwao, na alikuwa mtu wa kwanza asiye Mkorea kushinda pale. Alikuwa anakaribia miaka sitini, katembea porini karibu uchi, kapigwa na maji ya maporomoko. Nafurahi umeuliza, maana kuna muvi nyingi ambazo nafasi ya mgeni anapewa mwenyeji anayekunja kunja ulimi ili watu wacheke, hapa wameita mwenye lugha yake na wakamwacha aiongee vizuri.

*Anti, mimi ni Mkenya, nasoma Daegu, Korea Kusini, mwaka wa tatu sasa. Niliiangalia na wenzangu wa darasani, nikawauliza mbona hii village haina foreigner mwingine yeyote, wakaniambia ni movie tu. Lakini mimi nimeenda mashambani huko Jeolla na kanisa, nimeona akina mama wa Vietnam wengi sana, wana watoto, wanauza sokoni. Wako wapi kwenye filamu? Na sisi Waafrika tutaonekana lini?*

Kaka, asante, umeona kitu ambacho mimi huku mbali nisingekiona hivyo. Ni kweli kabisa. Vijana wa kike wa Korea walipokimbilia mijini, wakulima wengi walioachwa vijijini, Jeolla ikiwemo, walioa wanawake wa Vietnam, Uchina na Ufilipino, hasa kuanzia miaka ya 2000. Kwa hiyo kijiji cha Jeolla cha 2016 kisicho na hata mama mmoja wa Kivietnam mbele yetu hicho ni kijiji cha kwenye kumbukumbu za dairekta. Na naona imefanywa hivyo ili mzee awe mgeni pekee. Fikiria kungekuwa na jirani wa Kivietnam pale, ameolewa, ana mtoto anasoma na binti wa Jong-goo: ule mstari wa sisi na yeye usingechoreka kirahisi vile, na yule mama angekuwa wa kwanza kuogopa wanaume walipopanda kwenye pikapu na majembe yao, kwa sababu angejua zamu inaweza kumfikia. Mimi ningelipa tiketi mara mbili kuiangalia hadithi hiyo kwa macho ya mama huyo.

Mwishoni mwa 2023 wageni wanaoishi Korea Kusini walishafika milioni 2.5, karibu mtu mmoja kwenye kila ishirini. Wana neno lao, damunhwa, maana yake tamaduni nyingi, lilianza kama neno zuri la serikali, na wewe uko huko utakuwa umesikia watoto wa shule wanavyoitwa hilo neno kama jina, we damunhwa njoo hapa. Muswada wa sheria ya kuzuia ubaguzi uliletwa mara ya kwanza 2007 na mpaka naandika hapa haujapita. Kwa hiyo wenzako wakisema ni muvi tu, waulize kwa upole tu, wao wameshawahi kutafutwa kwenye muvi wakakosekana?

Kuhusu Waafrika jibu langu halitakufurahisha. Kuna muvi ya vampaya ya Park Chan-wook inaitwa Thirst, ya 2009, ilipata tuzo ya majaji Cannes. Padri mmoja, kacheza Song Kang-ho, anaenda Afrika kujitolea kwenye majaribio ya chanjo ya virusi hatari, anapata damu yenye kasoro na anarudi kwao akiwa mnyonya damu. Afrika yetu ndo hiyo, mahali pa maradhi, unaingia na unatoka, hadithi yenyewe iko Korea. Inaniuma kwa sababu muvi yenyewe ni nzuri. Lakini ndani ya muvi hiyo hiyo yumo Evelyn, mke wa Kifilipino wa rafiki wa familia, kacheza Mercedes Cabral ambaye ni Mfilipino kweli, anakuja na mume wake kucheza majong kila wiki, kazoeleka pale mezani. Na usiku ule wa damu, yeye ndo anafichwa, anabaki hai. Sio nafasi kubwa, ila ni mtu, ana jina, ana mahali pa kukaa. Mwaka 2009! Kwa hiyo inawezekana, wanajua kufanya, ni kwamba hawajaamua. Na nyie mlioko huko mnaoongea Kikorea msisubiri kuitwa mcheze maiti, kama mna kalamu andikeni.

*Assalaam aleikum anti. Mimi nilikereka na mganga. Kila filamu mganga ni tapeli au mchawi. Na mbona wanawake wa mle ndani hawana kazi isipokuwa kulia na kupagawa? — Mombasa, Majengo*

Waaleikum salaam dada yangu. Umegusa mawili.

Ile ngoma ya Il-gwang, kuku, ngoma zinapigwa, visu, yeye anazunguka na majoho yake, nina hakika wewe wa pwani ulipoiona ulisema hii si ni kupunga pepo tu. Wakorea wanaita gut. Na kinachofichwa na Gokseong ni kwamba Korea waganga wengi ni wanawake, wanaitwa mudang, kazi inaweza kurithiwa au pepo linamchagua mtu na kumuuguza mpaka akubali. Walidharauliwa sana, na miaka ya 1970 serikali ya Park Chung-hee ilipokuwa inajenga vijiji vipya ilipiga vita hayo mambo kama ushirikina, madhabahu za vijiji zikavunjwa. Kwa hiyo mganga wa kiume mwenye gari na tamaa ya hela kwenye skrini hawawakilishi wale akina mama hata kidogo.

Kama unataka mwingine, tafuta Exhuma ya Jang Jae-hyun, 2024, kwao iliuza tiketi zaidi ya milioni kumi. Humo mudang ni msichana, Hwa-rim, kacheza Kim Go-eun, na ni mtu mwenye kazi yake: anafanya gut amevaa raba za Converse chini ya mavazi ya kazi, analipwa, anaheshimiwa na wanaume wawili wazima wanaofanya naye kazi, anaogopa, anatetemeka na bado anaenda. Hajapagawishwa ili baba yake aonekane shujaa. Ila sema tu na huko nako, kitu kinachotoka kaburini mwisho wa siku ni Mjapani, jitu la kivita la karne na karne. Na majina ya mashujaa wetu wanne wa mle ndani yanatoka kwa wapigania uhuru, na namba za magari ni tarehe na mwaka wa uhuru. Ile muvi inajua inachofanya, inafukua donda la nchi kabisa, ndo maana hainisumbui kama Gokseong inavyonisumbua. Jitu la Exhuma ni utawala wenyewe umevaa deraya. Yule wa Gokseong ni mzee na mbwa.

Kuhusu wanawake wa Gokseong nakuunga mkono. Mke wa Jong-goo simkumbuki kwa neno hata moja alilosema, na yule wa nguo nyeupe kwenye orodha ya waigizaji anaitwa Moo-myeong, yaani asiye na jina. Ninayemtetea ni mtoto tu, Hyo-jin. Pale baba yake anapomfunua nguo usiku kuangalia vipele na yeye anaamka anamfokea, watu wanasema ni pepo linaongea. Mimi namsikia mtoto wa kike anauliza kwa nini unanishika bila kuniambia. Kim Hwan-hee alikuwa binti mdogo tu na ndo aliyeibeba nusu ya pili ya muvi.

*Anti samahani, mimi natafsiri muvi kwa sauti, tunauza kwenye flashi huku Morogoro. Nimeambiwa wale wa Gokseong wanaongea Kikorea cha shamba. Niwape lafudhi gani? Nilifikiria Kigogo au Kimakonde ili watu wacheke kidogo, maana inatisha sana.*

Naomba usifanye hivyo mdogo wangu. Umeambiwa kweli, wanaongea lafudhi ya Jeolla, na watu wa Jeolla kwenye muvi za Kikorea kwa miaka mingi walipewa kuwa majambazi, mayaya na vichekesho, sawasawa na huku kwetu mlinzi lazima awe Mmasai na dada wa kazi lazima aongee Kigogo. Ni mkoa ulionyanyapaliwa kisiasa pia, mji wao wa Gwangju ulimiminiwa risasi na jeshi Mei 1980. Uzuri wa Gokseong ni kwamba pale karibu kila mwanakijiji ana hiyo lafudhi, wanacheka wao kwa wao na wanalia nayo, hakuna mtu wa mjini anayewasikiliza kwa kuwadharau. Ukiweka Kimakonde cha kuchekesha unakirudisha kile alichokiondoa dairekta. Tumia Kiswahili cha kawaida cha kijijini kwenu, chenye mama weeee na haki ya Mungu, kinatosha. Na mzee wa Kijapani usimtafsiri juu kwa juu, mwache aongee Kijapani chake kwanza tusikie, ndo shemasi atafsiri. Ukimtafsiri wewe umeshamwondolea ugeni wake na mchezo mzima umekufa.

Alafu Gokseong ni mahali kweli, kaunti iliyoko mkoa wa Jeolla Kusini, wana tamasha la maua ya waridi kila Mei. Muvi ilipokuja mwezi ule ule watu waliogopa jina la kwao litachafuka, dairekta akaliandika kwa herufi za Kichina zenye maana ya sauti ya kilio ili litofautiane na la kaunti, na mkuu wa kaunti akaandika gazetini kuwakaribisha watazamaji waje wajionee. Wewe unapotafsiri usiseme kijiji cha wachawi, sema Gokseong.

*Shikamoo, mimi ni mama wa Tabata. Mwanangu ana miaka 12, alichungulia nikiwa naangalia, akaniuliza mama kwa nini yule babu ndo mbaya. Nikamwambia kalale. Nimuonyeshe nzima au nimuache?*

Marahaba mama. Nzima hapana, kwao yenyewe iliruhusiwa kuanzia miaka 15 na hata hiyo watu walilalamika, kuna damu na kuna mtoto anateseka. Ila swali lake usilizime na taa. Kesho mkiwa mnachambua mchele mrudishie wewe, muulize alimwona babu anafanya nini kabla ya kumwita mbaya. Pale alipochungulia, kama ni kile kipande cha paa, mwambie hilo ni simulizi la mtu, halafu nyamaza umsikilize atasema nini. Ningependa sana uniandikie alichojibu, hata kama ni neno moja.